Dakika 20 za Fundi: Namna ya Kulihudumia Gari la Rali Ukiwa na Pikapu Moja

Mimi ni fundi wa Nakuru, na nimekulia katikati ya mbio za aina mbili. Kulikuwa na zile za Pasaka, Safari Rally yenyewe, mbio kubwa za magari za Kenya, timu za viwanda vya magari zikija na ndege, helikopta na malori ya tairi. Na kulikuwa na zile za vilabu, ambapo mkulima wa Njoro hulifunga gari lake vyuma vya kinga ndani, akaja Jumamosi kushindana na mwenye duka la vipuri wa mjini. Mwongozo huu ni wa hizi za pili. Nimewaandikia vijana ambao rafiki, mjomba au mwajiri wao amenunua Subaru au Lancer iliyokwisha tumika, akawaambia: njooni tukahudumie. Lakini mengi nitakayosema niliyaokota kwa kuwatazama wale wa kwanza wakifanya kazi.

Kwanza elewa unachokitafuta. Dereva wa kiwanda anatafuta sekunde, dereva wako anatafuta mwisho wa njia. Hilo si jambo dogo wala si la kuonea haya. Mwaka 1963 magari 84 yaliianza Safari na 7 tu ndiyo yaliyofika. Mwaka 1968 yakafika 7 tena, na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo familia nyingi zilikuwa nalo nyumbani. Joginder Singh alianzia gerejini kabla ya kuitwa Simba, na mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumika. Aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. Mtu hamalizi mara 19 kwa kukanyaga mafuta tu. Alijua chuma kinasema nini kabla hakijavunjika, na kazi yako ni kumsaidia dereva wako asiyejua hivyo.

Panga watu kabla ya spana

Zamani mafundi walilifuata gari barabarani na kulihudumia popote: chini ya mbuyu karibu na Mtito Andei, kwenye kituo cha petroli Eldoret, penye kivuli. Siku hizi huduma inafanyika ndani ya uwanja wa huduma, kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha mashindano. Katika mbio nyingi za vilabu muda huo ni dakika 20 au 30. Kitabu hicho kisome mwenyewe, usisimuliwe.

Watu watano wanatosha. Wawili wa mbele, kila mmoja na gurudumu lake, na wawili wa nyuma hivyo hivyo. Gurudumu lina mwenyewe: ndiye anayelitoa, anayekagua kila kilicho nyuma yake, anayelirudisha, na ndiye atakayeulizwa. Wa tano anashika saa na daftari, na hagusi spana. Kati ya wale wanne mmoja ni mkuu, na huyo peke yake ndiye anayezungumza na dereva. Binamu, mashemeji na marafiki wa dereva wakaribishwe kwa heshima, wapewe viti nje ya utepe unaozungushia mahali petu pa kazi, wapewe na chai. Ndani ya utepe hawaingii.

Hili nililiona karibu na Voi, miaka ile Shekhar Mehta alipokuwa akishinda mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Timu moja ya kiwanda ilikuwa imetandika turubai pembeni ya barabara, na juu ndege ndogo ilikuwa inazunguka ikipokea na kupitisha habari za redio. Gari lilipofika sikusikia mtu akipaza sauti. Kila fundi alikwenda mahali pake, akapiga goti, akaanza. Mita chache kutoka hapo timu ya mtu binafsi ilikuwa na watu wengi zaidi yao, kila mmoja akimwamuru mwenzake, na spana ya kumi na saba ilikuwa inatafutwa na wanne kwa pamoja. Tofauti ya pesa kati ya timu hizo mbili ilikuwa kubwa, lakini kule kujua nani anagusa nini hakukununuliwa na mtu. Hilo hata wewe unalo bure.

Basi fanyeni mazoezi. Jioni mbili tatu kabla ya mbio, gari liingizwe gerejini, saa ianze, magurudumu manne yatoke yarudi. Kisha mbadilishe shokamzoba moja, kisha shafti moja. Mtagundua kuwa jeki inagonga bamba la chini linalokinga enjini, au kwamba stendi zenu ni fupi mno kwa gari lililoinuliwa. Afadhali mgundue Jumatano.

Kupakia pikapu

Kanuni yangu ni hii: usibebe kipande, beba kitu kizima. Shokamzoba ikae pamoja na springi yake na kikombe chake cha juu, tayari kufungwa. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, iwe na beringi ndani yake, diski juu yake. Shafti iwe imekwisha tiwa grisi, mpira wake umefungwa, imeviringishwa kwenye gunia safi. Kukusanya springi na shokamzoba kwenye vumbi, saa ikienda, ni kazi ya hatari na inakula muda wote. Ukikusanya Alhamisi kwenye meza, Jumamosi unafungua nati chache tu.

Vitu vinavyovunjika kwa mpangilio, kadiri nilivyoona kwenye murram yetu: tairi na rimu, shokamzoba, boljointi na mikono ya usukani, shafti, klipu na mipira ya maji, kisha umeme. Enjini huwa ya mwisho, na ikifa kwa kawaida imeuawa na kimojawapo cha hivyo. Jiwe limepasua rejeta, dereva hakutazama geji, basi. Kwa hiyo usijaze pikapu vipuri vya enjini. Enjini hutaibadilisha kwa dakika 20. Weka nafasi hiyo rimu mbili zaidi.

Halafu kuna sanduku dogo, nami nalipenda kuliko lile kubwa. Ndani yake kuna waya laini wa kufungia, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kama mikanda, gundi ya chuma ya kuchanganya, klipu za ukubwa wote, nati na bolti za kila aina iliyomo garini, fyuzi, balbu, utepe, msumeno mdogo, patasi na nyundo nzito. Bolti zigawe kwa ukubwa katika vikopo, uandike juu kwa rangi. Bolti adimu nunua mbili. Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri wa Nairobi, utaipata Ijumaa, lakini Jumapili mchana huko Elmenteita hutaipata kwa mtu.

Beba turubai la kutandika chini ya gari, stendi nne za chuma, mtungi wa kuzimia moto, tochi za kichwani hata kama mbio ni za mchana, maji mengi kuliko unavyodhani, na glavu. Petroli haijazwi mahali pa huduma, ina eneo lake na sheria zake, na hapo usimruhusu mtu kukusihi. Nimemwona mtu akiungua mkono kwa tone lililoangukia egzosi ya moto. Beba pia chakula cha dereva na mwelekezi, yule anayekaa kando yake na kumsomea njia: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, chai ya chupa. Dereva mwenye njaa anakata kona vibaya, na vyuma vinavyovunjika baadaye ni vyako kuvibadilisha.

Gari limeingia

Kabla hata jeki haijagusa, mwenye saa anachukua saa ya kuingia kutoka kwenye kadi ya mwelekezi na kuandika saa ya kutoka kwa herufi kubwa kwenye ubao, kila mtu aione. Ukichelewa kutoka, adhabu ya kawaida ni sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, ni dakika nzima kwa kila dakika. Wengi wanaiogopa ile ya kuchelewa wakasahau hii ya kuwahi, ambayo ni mara sita yake. Kwa hiyo gari likiwa tayari mapema, litulie. Dereva anywe chai.

Mkuu wa mafundi anainama dirishani na kuuliza maswali matatu tu: Breki zinashika sawa? Usukani unavuta upande? Kuna sauti mpya? Asikilize jibu la dereva, kisha amgeukie mwelekezi amuulize yale yale. Mwelekezi hana usukani mkononi wala kanyagio mguuni, anausikia mwili wa gari kupitia kiti chake. Mara nyingi dereva amesema kila kitu ni shwari, naye mwelekezi akasema kwa upole kwamba nyuma kushoto pamekuwa pakigonga tangu mkondo wa pili, yaani kipande cha pili cha njia kinachokimbiwa kwa saa. Mwamini mwelekezi.

Sasa inua, weka stendi zote nne, toa magurudumu. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Saa isikudanganye katika hili.

Kila mwenye gurudumu anatazama kwanza bila kugusa. Vumbi ni shahidi mzuri: mahali mafuta yanapovuja, vumbi limekuwa jeusi na kunata, na mahali bolti imelegea utaona chuma kinachong'aa pembeni yake kwa sababu ya kusuguana. Kisha anashika. Anatikisa mkono wa usukani, anatikisa boljointi kwa mtaimbo mfupi, anatazama mpira wa breki kama umesuguliwa na jiwe, anapima pedi. Kisha analeta mgongo wa mkono karibu na shokamzoba, akijihadhari na diski ambayo inaweza kumuunguza. Shokamzoba inayofanya kazi kwenye njia mbaya hupata moto. Ukikuta tatu zina moto na moja imepoa, hiyo iliyopoa imekufa, hata kama haivuji tone la mafuta. Hila hii haigharimu kitu, na imeniokolea mbio nyingi.

Shokamzoba ziheshimu. Safari iliporudi kwenye mbio za dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho. Katika mkondo wa Loldia shokamzoba ya nyuma ikafa, na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Hiyo ni timu yenye kila kitu duniani. Wewe mwenye pikapu moja huna sababu ya kusema "itafika tu".

Lakini kuna upande wa pili, nao nausisitiza zaidi kwa vijana: usifungue kisicholalamika. Fundi kijana anapoona dakika 12 zimebaki na hakuna kazi, mkono unamwasha. Anataka kurekebisha hiki, kukaza kile, kubadilisha plagi ambazo zinawaka vizuri. Muache akae. Kila ulichokifungua kwenye vumbi kinafungwa na vumbi ndani yake. Gari zima lililokaguliwa na kuachwa ni huduma kamili.

Magurudumu yanaporudi, futa uso wa habu na mgongo wa rimu kwa kitambaa. Mchanga uliobanwa kati yake utasagika baada ya kilomita chache, na nati ulizozikaza zitakuwa zimelegea. Anza kila nati kwa vidole, kaza kwa kuruka kutoka upande huu hadi wa pili badala ya kufuata duara, shusha gari, halafu kaza mara ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu likiwa limesimama chini. Mwenye gurudumu atamke kwa sauti: "Mbele kulia tayari." Mwenye saa aandike. Dakika tano za mwisho hakuna kinachofunguliwa, hata iweje. Kazi zake ni kioo cha mbele, taa, shinikizo la tairi, mikanda ya dereva, na kuhesabu spana. Spana iliyopotea mara nyingi imelala juu ya enjini.

Vumbi na tope

Mbio zetu hubadilika tabia kwa mvua. Miaka ya 2021 hadi 2023 Safari ilikimbiwa Juni, na hofu kubwa ilikuwa ile fesh-fesh ya Kedong, vumbi laini kama unga linalojaza mifuo na kumeza gurudumu. Mwaka 2024 ikarudishwa Machi, wakati wa Pasaka, na tope nalo likarudi. Mbio za vilabu zinapita mashamba hayo hayo au ya jirani, hivyo jiandae kwa yote mawili.

Kwa vumbi, filta ya hewa ndiyo roho. Beba mpya, usitegemee kupuliza. Ukilazimika kupuliza, pulizia kutoka ndani kwenda nje, sivyo unaisukumia enjini kile ulichotaka kukitoa. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo ambapo filta inakaa, kwa sababu vumbi la Naivasha linapita pasipopita maji. Ndani ya kisanduku cha filta pitisha kidole: ukiona vumbi upande wa ndani, kuna mahali panavuja, patafute kabla ya kulifunga.

Kwa tope, udongo mweusi ndio adui. Unajaa ndani ya matao ya magurudumu, unakauka kwa joto la breki, unakuwa tofali. Gari linaongezeka uzito, usukani haugeuki hadi mwisho, na rejeta haipati hewa. Chonga kijiti kipana cha mti mgumu cha kukwangulia. Panga na bisibisi vinakata mipira ya breki. Rejeta isafishe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa enjini kwenda mbele, tope litoke lilikoingilia. Maji ya nguvu yanakunja yale mapezi membamba, na hapo umejitengenezea tatizo la joto mwenyewe.

Mfunze dereva wako kuwa fundi

Nje ya uwanja wa huduma huwezi kumgusia gari. Dereva na mwelekezi ndio peke yao wanaoruhusiwa kulitengeneza, kwa vifaa walivyobeba ndani. Hapa ndipo timu nyingi za watu binafsi zinapopoteza mbio, kwa sababu dereva anajua kukimbiza gari lakini hajui jeki yake inafunguka vipi.

Wape mfuko wa kitambaa unaofungwa kwa kamba, si sanduku la chuma linaloruka ndani ya gari. Uwe na spana za ukubwa unaotumika kwenye gari hilo tu, koleo, bisibisi, waya, utepe, mikanda ya tyubu, nati mbili tatu za gurudumu, kebo ya aksileta kama gari linaitumia, na kipande cha sabuni ya kipande cha kuzibia tundu dogo la tangi. Kisha wakae gerejini jioni moja, wabadilishe gurudumu hadi wachoke, mmoja akishughulika na jeki, mwingine na nati. Waonyeshe fyuzi ziko wapi. Waonyeshe mkanda wa feni.

Nilimfunza hivyo mwelekezi mmoja, binti mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja kwenye mchezo huu bila kujua koleo na spana. Katika mbio moja upande wa Soysambu kebo ya aksileta ilikatika kati ya mkondo. Dereva alishuka akashika kichwa. Yeye alifungua mfuko, akafunga waya kwenye mkono wa karbureta, akaupitisha juu ya boneti hadi dirishani kwake, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akivuta mafuta huku akisoma noti za njia kwa sauti. Walifika uwanja wa huduma wakiwa na dakika kadhaa za adhabu, lakini walifika. Sisi tukaweka kebo mpya, wakamaliza. Ninapowaambia vijana kwamba mwelekezi ni fundi wa kwanza wa gari, ninamfikiria huyo.

Jumatatu

Gari likirudi gerejini, usilioshe. Kila mtu anataka kuliosha, watoto wa mtaani wamejipanga na ndoo. Kwanza lala chini na tochi, usome vumbi tena kwa utulivu ambao jana hukuwa nao, uandike kila mahali penye unyevu au chuma kinachong'aa. Ndipo lioshwe, hasa chini, kisha ukague mara ya pili: sasa unatafuta nyufa, na nyufa huonekana kwenye chuma safi tu. Angalia penye kuchomelewa, vikombe vya juu vya shokamzoba, na kona za vyuma vinavyoshikilia bamba la chini. Bamba lenyewe lifungue kila mara. Mawe hujificha juu yake na kusaga sampu, bakuli la mafuta chini ya enjini, taratibu.

Daftari la mwenye saa lihamishie kwenye kitabu cha gari: kilomita za mashindano, kilichobadilishwa, kilichotolewa kikiwa kizima na kinaweza kurudi kuwa akiba. Baada ya msimu mmoja kitabu hicho kitakuambia beringi za nyuma zinadumu mbio ngapi kwenye gari lako, jambo ambalo kiwanda hakiwezi kukuambia kwa sababu hakikulikimbizia mawe ya Nakuru.

Kisha mpelekee dereva orodha ya vipuri, ya lazima juu, ya kungoja chini, na bei uliyoiuliza mwenyewe madukani. Madereva wetu wanalipa kutoka mifukoni, wengine wameuza ng'ombe kwa ajili ya raundi moja, basi usiandike kitu kwa ajili ya fahari. Pesa ikitosha kitu kimoja tu kabla ya raundi ijayo, mwambie anunue shokamzoba za nyuma.